Fundi Asimamaye Mbele ya Taa

Kahindi wa Dena hajui kuendesha gari. Nalitaja hili kwanza kwa sababu kila anayemfahamu hapa Malindi hulitaja kwanza, na madereva hulitaja wakicheka. Ni fundi wa taa za magari. Mikono yake imepita katika malori, mabasi na pikapu zisizo na idadi, lakini ukimweka nyuma ya usukani atakuuliza klachi ni ipi.

Karakana yake iko Maweni, nyuma ya ghala la zamani la pamba. Ni mabati machache juu ya miti, benchi moja, betri mbili, na kando lundo la vioo vya taa alivyovikusanya kwenye magari yaliyokufa. Mimi nakaa nyumba ya tatu kutoka hapo. Nilikuja pwani kutoka Murang'a mwaka wa 1972 na marehemu mume wangu, Thuku. Miaka yote hiyo nilimwona Kahindi akipita na shati lake lililotobolewa na asidi ya betri, tukaamkiana, basi. Mwaka wa 1986 ndipo nilipomjua.

Kabla ya ufundi alikuwa mchuuzi wa makaa. Kwao ni Ganze, na alikuwa akishuka na magunia mawili juu ya baiskeli, akisukuma zaidi ya kupanda, akilala njiani ili aingie Malindi kabla jua halijachomoza. Sehemu ya mwisho ya safari ilikuwa kwenye lami, gizani, na malori yalikuja mbele yake yamewasha taa kamili. Aliniambia kwamba mwanga ule ni kama ukuta mweupe unaokujia. Hujui lami imeishia wapi wala mtaro unaanzia wapi. Mara tatu aliingia mtaroni na magunia yake. Mara ya tatu baiskeli ilikatika katikati. Akaingia mjini kwa miguu, akaenda kwenye gereji ya Mhindi mmoja na kumwomba kazi. Mhindi alipomuuliza anataka kujifunza nini, injini au bodi, alijibu kuwa anataka taa tu.

Kwa hiyo ana desturi yake, ambayo wengine huiona wazimu. Akishatengeneza taa hakupi gari lako papo hapo. Husubiri magharibi, jua likizama na kiza kuanza kuingia, kisha humwambia dereva arudi nyuma kwenye ile njia ya ghala. Yeye hutembea hatua arubaini mbele ya gari, husimama ukingoni kama mwenda kwa miguu, na humwashiria dereva aje pole pole, taa zimepunguzwa. Akijikuta ameinua mkono kuyakinga macho, gari hurudi kwenye benchi. Dereva mmoja wa basi alichoka kusubiri, akamwambia mbele za watu, "Kahindi, wewe ni fundi gani usiyejua hata klachi?"

Kahindi akamjibu, "Klachi ni yako. Macho yanayochomwa ni yangu."

Nilimwendea kwa ajili ya mwanangu Laban, kifungua mimba wangu, aliyekuwa na miaka ishirini na mitatu. Baba yake alimwachia pikapu, na pikapu hiyo ndiyo iliyotulisha sote. Alikuwa akichukua mananasi na nyanya Magarini, akipita Malindi saa kumi alfajiri ili awahi feri ya kwanza pale Kilifi. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Kila alfajiri nilisimama mlangoni nikiusikiliza mlio wa lile gari mpaka ukapotea, na jioni nilikuwa naujua kabla majirani hawajausikia.

Mwezi wa nne aligonga ng'ombe karibu na Gongoni na taa zote mbili zikavunjika. Kwenye uwanja wa vyuma vikuukuu alikuta gari la Mtaliano mmoja lililoliwa na chumvi ya bahari, lakini taa zake nzima. Zilikuwa za mviringo, kipimo kilekile, zikaingia kwenye pikapu yetu kana kwamba zilizaliwa nayo. Kioo chake kilikuwa kinene, kimechorwa mistari myembamba kama ufumaji wa kitambaa. Vijana wa mtaani walikuja kuzitazama. Nami nilijivuna, Mungu anisamehe.

Haikupita wiki, madereva waliokutana naye wakaanza kumpigia taa na honi. Laban alisema kwamba yeye hupunguza, nao huzidi kumwashia. Akakata shauri kwamba wanamwonea wivu kwa taa zake. Mimi moyoni nilimkumbuka baba yake, aliyekuwa mtu mwema katika mambo yote isipokuwa barabarani. Thuku hakupata kumpunguzia mtu taa. Alisema anayetaka giza akae nyumbani.

Kisha likaja la Mramba. Mramba ni mgema wa Msabaha, mtu mzima mwenye wajukuu. Siku hiyo alikuwa akirudi kwao kwa baiskeli baada ya magharibi, madumu mawili ya mnazi nyuma yake, Laban naye akitoka Kilifi. Walipokaribiana, Mramba hakuona kitu tena. Aliingia mtaroni na baiskeli, na mfupa wa bega ukavunjika. Laban alisimama, akamwinua, akampeleka hospitali yeye mwenyewe. Huko Mramba aliwaambia askari kwamba kijana huyu alimjia na taa kamili. Laban akaapa kwamba alipunguza. Askari wa trafiki akaijaribu swichi, akaona inafanya kazi pande zote mbili, akasema kwamba kama swichi ni nzima, basi kilichokosa ni mkono. Akampa siku saba. Siku ya saba ailete pikapu kwa mkaguzi, na taa zikionekana bado zinapofusha, gari litaondolewa barabarani na yeye atapelekwa kortini kwa kumjeruhi mtu.

Jioni ile nilimuuliza mbele ya picha ya baba yake ukutani.

"Laban, ulipunguza?"

"Nilipunguza, mama."

"Basi huyo mzee alijitupa shimoni mwenyewe?"

Aliiweka sahani yake chini, chakula kikiwamo, akatoka nje. Naandika ukweli: sikumwamini. Nilimzaa, nilimnyonyesha, na sikumwamini.

Kesho yake nilichukua uji na ndizi nikaenda Msabaha kumwomba mzee radhi. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka uani, mkono umefungwa shingoni, jirani zake wamemzunguka. Aliniona, akasema, "Mama, mwambie mwanao akitaka mnazi wangu asimame aombe. Si lazima anitie shimoni." Wote wakacheka, nami nikacheka kwa aibu. Lakini walipotawanyika, aliniambia jambo lingine kwa sauti ya chini. Hakutaka kesi. Alikuwa tayari kwenda kituoni kusema amesamehe, ila kijana akiri kwanza. Bega lilikuwa linamuuma, alisema, lakini kiapo kile kilimuuma zaidi, maana kilimfanya yeye kuwa mwongo mbele ya askari.

Nilirudi mbio na habari hiyo kama mtu aliyeokota dhahabu. Nikamwambia Laban akiri, neno moja tu, na yote yataisha.

"Mama, unataka niseme uongo ili nisamehewe?"

Siku tatu zilikuwa zimekwisha kupita. Siku ya nne nikamwambia atangulie na gari kwa Kahindi, mimi nikafuata nyuma kwa miguu.

Laban alimwamkia shikamoo, fundi akaitikia, akasikiliza habari yote mikono imeshika magoti. Hakusema ni nani mkweli. Alisema kwamba mwaka uliotangulia alipata magari mawili yenye ugonjwa kama huo. Aliyatibu kwa kuzishusha taa chini kabisa, na wenyewe wakarudi kulalamika kwamba sasa hawaoni hata shimo lililo mbele ya gurudumu. "Sikuwaponya," alisema. "Niliwafumba macho wao badala ya wale wanaokutana nao." Nilishangaa kumsikia fundi akitaja kosa lake bila kuulizwa.

Magharibi ilipoingia, alikwenda hatua zake arubaini, nasi tukasubiri. Laban akalisogeza gari pole pole, taa zimepunguzwa. Kidole changu kilikuwa juu ya ile swichi pamoja na chake, kwa sababu nilipanda naye makusudi nione kwa macho yangu. Taa zilikuwa zimepunguzwa. Na bado, kule mbele, Kahindi aliinua mkono akayakinga macho yake.

Mwanangu hakuwa amesema uongo, na mgema naye hakuwa amesema uongo, na sikuelewa ingewezekanaje.

Kahindi hakurudi kwenye benchi. Alitupigia kelele tusimame hapo hapo, tusizime. Kisha akaanza kutembea kwa ubavu, kama kaa, akivuka njia kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Alipokuwa upande wa abiria, mkono wake ulishuka, akatutazama kama anavyotazama mtu mchana. Alipofika upande wa dereva, mkono ukapanda tena. Alirudia mara tatu. Mara ya nne alifumba macho akatembea, akisimama pale joto la mwanga lilipomwambia asimame, au ndivyo nilivyodhani. Kisha akaja dirishani na kumwambia Laban aelekeze gari kwenye ukuta wa ghala.

Ukuta ule umepakwa chokaa. Pikapu iliposogea, mwanga ulilala juu yake, nami kwa mara ya kwanza maishani niliona kwamba mwanga wa taa una umbo. Nilikuwa nikidhani ni kama maji yaliyomwagwa. Kumbe una ukingo, umekatwa kama kwa kisu. Upande wa kushoto ulikuwa umelala sawasawa, chini ya kiuno cha mtu. Lakini ulipofika katikati ulianza kupanda kuelekea kulia, kama kilima, mpaka urefu wa kichwa cha mtu na kupita.

Kahindi alisimama mbele ya kilima hicho cha mwanga. Aliifunika taa moja kwa gunia, akaweka kiganja chake juu ya kioo cha ile nyingine, akakisogeza kidogo kidogo. Ukutani kivuli kikatembea. Akashusha mkono kwa upana wa kidole. Akauinamisha. Na mara kilima kikaanguka. Kilizama chote, ukingo ukabaki umelala kutoka pembe hadi pembe. Aliondoa kiganja, kilima kikainuka. Akakirudisha, kikalala. Mtu huyu alikuwa akiushusha na kuuinua mwanga kwa kiganja chenye mafuta machafu. Laban alikuwa ametoka garini, mdomo wazi.

"Ni kioo," Kahindi alisema. "Hapa palipochorwa hivi. Ndipo panapoinua."

Alikwenda kwenye benchi, akachukua taa nyingine nzima, ya lori la hapa nyumbani, akaiunga na betri na kuielekeza ukutani. Nayo ilikuwa na kilima, ila kilikuwa upande wa kushoto, kikimulika ukingoni, pale sisi tunapotembea. Aliitazama hiyo, akaitazama ya Mtaliano. Zilikuwa kama mtu na kivuli chake kiooni.

Hapo ndipo nikamkumbuka mama wa Kitaliano ninayemfulia nguo kule Casuarina. Anapotaka kuvuka barabara hutazama kwanza upande ambao gari halitoki, na nimekwisha kumvuta mkono mara mbili asigongwe. Aliwahi kuniambia kwamba kwao magari hupita kulia. Nilimwambia Kahindi hivyo, kwa woga, maana nani mimi wa kumfundisha fundi.

Aligeuka akanitazama. "Kwao hupita kulia?"

"Wote. Nchi nzima."

"Basi kioo hiki bado kiko kwao, Mama Laban. Kinammulikia mwenda kwa miguu wa Italia."

Na mwenda kwa miguu huyo, hapa kwetu, ndiye Mramba na baiskeli yake, anayekuja mbele yako upande wa kulia.

Kahindi alichutama kwenye lundo lake la vioo akiwa na tochi. Alivuta kimoja, akakipangusa kwa shati, akakiinua. Pembeni mwa kioo palikuwa na kishale kidogo kilichochongwa, kama unyoya. Akavuta cha pili, kikawa na kishale. Cha tatu, cha nne. Cha tano hakikuwa nacho. Kwenye taa za pikapu yetu alipapasa kwa kidole, kisha kwa ukucha. Hapakuwa na kishale; ile ya lori ilikuwa nacho. Hakuna aliyemfundisha. Hajui kusoma, na hata angejua, sidhani maandishi ya kwenye kioo yangemwambia hivyo. Aliketi chini kwenye vumbi, vioo viwili mapajani, akacheka polepole.

"Miaka kumi na saba nimevishika hivi," alisema. "Nilidhani ni pambo."

Alikata utepe mweusi wa kufungia nyaya, akaubandika juu ya vile vioo kwa umbo la kipande cha muhogo uliokatwa mshazari, akilinganisha na ukuta mpaka kilima kikatoweka. Alituonya kwamba huo ni wa siku chache tu, kwa sababu ukingo wa kushoto bado hauna mwanga wake. Laban atafute vioo vyenye kishale. Nilifungua mdomo nimshukuru, nikidhani kazi imekwisha, lakini alitikisa kichwa. Alisema yeye si aliyeumia. Mwenye haki ya kusema taa hizi zimepona ni mgema.

Kwa hiyo siku ya tano, jua likizama, tulikuwa Msabaha, mahali palepale. Mramba alikuja akihimizwa na wajukuu, mkono shingoni, akinung'unika.

"Mnataka mnimalize na bega la pili? Semeni mapema, nimwage mnazi kwanza."

"Utasimama nami," Kahindi alimwambia. "Ukianguka, utaniangukia mimi."

Kahindi alibandua utepe. Alitaka mzee aone kwanza yaleyale. Laban akaja kutoka mbali, amepunguza. Mramba aligeuza uso akajikinga, akasema kwa hasira kwamba ndizo hizo, hizo ni taa kamili, nani atamdanganya. Kahindi akampungia Laban asimame, akamshika mzee mkono mzima, akampeleka hadi dirishani na kumwonyesha swichi. Akamwambia Laban awashe taa kamili. Mwanga ukaruka mpaka kwenye vilele vya minazi. Akamwambia apunguze. Mramba aliitazama swichi, akautazama mkono wa Laban, akaitazama barabara. Hakuwa na utani tena.

Utepe ukarudishwa. Pikapu ikarudi nyuma hadi ikawa ndogo. Nilisimama nyuma ya Mramba, nimeshika kanga yangu kwa meno. Taa zikaja. Niliona mkono wake mzima ukipanda, kwa mazoea, ukafika kifuani na kusimama hapo. Kisha ukashuka. Mwanga ulitujia chini chini, miguuni. Niliuona ukingo wa lami, nikayaona majani, nikauona mtaro; baiskeli ya mtu ingeweza kupita bila hofu. Nambari za gari zilisomeka. Na juu yake, katika mabaki ya mwanga wa jioni, nilimwona mwanangu, amekaza taya.

Gari lilipotufikia na kusimama, Mramba alikwenda dirishani peke yake.

"Kijana. Siku ile ulipunguza."

"Nilipunguza, baba."

"Na mimi nilipofuka."

"Najua, baba."

"Basi tulisema kweli wote wawili," mzee alisema, "na bega limevunjika vilevile." Akampa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa umefungwa.

Siku ya saba Mramba alikwenda kituoni mwenyewe kuondoa maneno yake. Mkaguzi alikubali, kwa kushurutishwa na Kahindi, kutoka kitini na kusimama mbele ya gari ndani ya banda lenye giza, na pikapu ikaruhusiwa, kwa sharti vioo vibadilishwe. Lakini jioni ile ya Msabaha hatukuyajua hayo bado. Kahindi alipanda nyuma, hataki kukaa mbele, nami nikakaa karibu na Laban. Tulikwenda kitambo. Kisha nikamwambia kwamba nilipomuuliza mbele ya picha ya baba yake nilikuwa nimekwisha kumhukumu, na kwamba naomba anisamehe.

Kabla hajajibu, mbele yetu lori lilitokea kwenye kona, limewasha taa kamili, nyeupe, na mikono yangu ikashika dashibodi. Laban alipunguza. Nilihesabu moja, mbili. Lori nalo likapunguza. Likatupita taratibu upande wa kulia, na dereva wake akainua vidole viwili kutoka kwenye usukani, kama watu wanavyoamkiana njiani.

"Umeona, mama?" Laban aliniuliza.

Nikamwambia nimeona.